Maswali ya Wasomaji: Wauguzi Wamewezeshwa, Mbona Hawaridhiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya upasuaji. Miezi minne iliyopita wauguzi wangu 12 walihudhuria mafunzo ya uwezeshaji ya siku tano, wakafundishwa kujiamini, kuzungumza na madaktari bila woga na kufanya maamuzi. Walirudi na ari kubwa. Leo hii wawili wameomba uhamisho, na mmoja ameniambia kwamba afadhali asingekwenda kabisa. Je, mafunzo haya huongeza kweli kuridhika na kazi, au uongozi unapoteza fedha? Nami nifanye nini?

Mfawidhi wa Wodi

JIBU: Ndugu Mfawidhi, katika yote uliyoyaandika, kauli ya muuguzi huyo ndiyo yenye uzito zaidi, na ninaiamini. Mtu aliyezoea kunyamaza huyachukulia maudhi ya kila siku kuwa sehemu ya kazi. Akishafundishwa kwamba kusema ni haki yake na ni wajibu wake kwa mgonjwa, kisha akasema na asisikilizwe, maudhi yaleyale humwelemea kuliko awali, kwa kuwa sasa anajua kwamba yangeweza kuondolewa.

Neno uwezeshaji hubeba maana mbili ambazo waandaaji wa mafunzo mara nyingi huzichanganya. Mwaka 1977 mwanasosholojia wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alieleza kwamba nguvu ya mfanyakazi hutokana zaidi na mahali alipowekwa kuliko tabia yake: kama anapata taarifa, kama anaungwa mkono, kama ana nyenzo za kazi, na kama ana fursa ya kujifunza na kupanda. Huo ndio uwezeshaji wa kimuundo. Mwaka 1995 Gretchen Spreitzer, mtafiti wa masuala ya kazi, aliupima ule wa kisaikolojia, yaani jinsi mtu mwenyewe anavyojiona: kwamba kazi yake ina maana, kwamba anaimudu, kwamba ana uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na kwamba anachokifanya kinaleta mabadiliko mahali pake pa kazi. Mafunzo ya siku tano ukumbini yanaweza kugusa hisia hizo, lakini hayawezi kuongeza hata boksi moja la glavu stoo.

Sasa swali lako lina jibu la kitafiti. Heather Laschinger wa Kanada, aliyetumia miaka mingi kuchunguza nadharia ya Kanter miongoni mwa wauguzi, pamoja na wenzake aliwafuatilia wauguzi wale wale kwa miaka mitatu, na mwaka 2004 wakachapisha walichokiona. Pale ambapo wauguzi waliona mazingira yao ya kazi yamebadilika katika mambo yale manne, hisia zao za uwezo zilibadilika, na kuridhika kwao na kazi kukabadilika pia. Lakini mabadiliko ya hisia za uwezo hayakuweza kueleza kuridhika zaidi ya pale mabadiliko ya mazingira yalipokwisha kueleza. Kwa wodi yako maana yake ni nzito: wauguzi walibadilishwa wao, huku mazingira yakibaki yalivyokuwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba fedha zimepotea, ila kazi imeachwa nusu, na nusu iliyobaki kwa sehemu kubwa iko mikononi mwako. Chukua mgonjwa aliyetoka upasuaji ambaye analalamika maumivu usiku wa manane. Je, muuguzi wa zamu ana mwongozo ulioandikwa na kusainiwa unaomruhusu kumwongezea dawa hadi kiwango fulani, au ni lazima asubiri daktari aamke? Katika raundi ya asubuhi, je, muuguzi aliyekesha akimhudumia mgonjwa huyo hupewa nafasi ya kueleza alichokiona kabla daktari hajaamua, au hubeba faili tu? Ratiba ya zamu hupangwa na nani, na anayeomba kubadilishiwa zamu hupewa sababu anapokataliwa? Taarifa za makosa zikishapelekwa ofisini, je, kuna siku majibu hurudi wodini? Ningeanza na jambo moja tu kati ya haya, lile la mwongozo wa dawa za maumivu, kwa sababu linamgusa mgonjwa moja kwa moja na ni vigumu kwa yeyote kulipinga. Waandike rasimu wauguzi wenyewe, uipeleke wewe kwa daktari bingwa wa wodi, nao wawepo inapojadiliwa.

Liko jambo ambalo halimo katika uwezo wako, na usikubali kulaumiwa kwalo. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 15 la uwiano wa uwezekano wa muuguzi kutoridhika na kazi, na asilimia 23 wa kuchoka kupita kiasi. Uwiano wa vifo vya wagonjwa nao ulipanda kwa asilimia 7. Kama wauguzi wako wanabeba wagonjwa kupita uwezo, peleka idadi hiyo kwa uongozi kila mwezi, kwa maandishi, zamu kwa zamu. Kumwambia muuguzi ajiamini huku akikimbia kati ya vitanda visivyohesabika ni kumtwika mzigo mwingine.

Wale wawili walioomba uhamisho usiwazuie, ila zungumza na kila mmoja kwa faragha kabla hajaondoka. Na huyo aliyesema afadhali asingekwenda, muulize ni jambo gani alilisema baada ya mafunzo likapuuzwa, na nani alilipuuza. Huenda ukasikia jina lako. Ikiwa ndivyo, usijitetee. Andika alichokisema, na mrudie kabla ya wiki kwisha na jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba haiwezekani na sababu yake ni hii.