Shangazi, nimepata safari ya Uholanzi, niende kuona mji gani?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi, masalkheri. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, kazi yangu ni kutembeza wageni mji wa kale na mwaka huu ni wa saba. Dadangu ameolewa Rotterdam na ameniita nikakae kwao wiki mbili mwezi wa sita inshallah, viza nishapata. Sasa kila mtu aniambia nenda Amsterdam, nenda Amsterdam, na mimi shangazi zogo sitaki, nataka mji mmoja wa zamani niutembee polepole vile mimi huwaambia wageni wangu wautembee Lamu. Dadangu asema kuna mji waitwa Delft uko karibu nao lakini yeye mwenyewe hupita tu na treni. Je wafaa? Mtu wa Lamu ataona nini kule? Na chakula na sala vipi? Sitaki kurudi na picha za baiskeli peke yake.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha manake Delft nimeutembea kwa miguu yangu siku nne nzima, na tangu nirudi nikiingia nyumba ya zamani pale Mkomani ile zidaka (vile vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo) siiangalii tena kama nilivyokuwa nikiiangalia. Nenda Delft. Amsterdam utaipitia siku moja na dadako, haikosi, lakini Delft ipe siku mbili au tatu, na kutoka Rotterdam ni treni ya robo saa hivi, wagonga kadi ya benki kwenye mashine ukiingia na wagonga tena ukitoka (usisahau kugonga ukitoka, utakatwa pesa nyingi).

Lakini kabla hujapanda ndege nifanyie kitu kimoja. Ingia jumba la makumbusho hapo pwani, au nyumba ya mzee yeyote unayemjua bado ana zidaka, uziangalie zile sahani na bakuli za buluu na nyeupe. Ziangalie kweli, maua yake, ukingo wake ulivyogawanywa vipande vipande, buluu yake ilivyokolea pahali na kufifia pahali. Ukipata nafasi teremka hadi Mambrui uangalie lile kaburi la mnara lenye bakuli za China zilizopachikwa kwenye chokaa. Kisha ndio uende.

Kwa sababu hadithi ya Delft ni hadithi ya sahani hizo hizo mwanangu. Sisi tulikuwa nazo karne nyingi, zilikuja na majahazi na upepo wa kaskazi, mtu akijenga nyumba ya mawe lazima awe na pa kuziweka. Ulaya walikuwa hawana, matajiri wachache tu ndio wenye kipande kimoja viwili. Wareno ndio waliokuwa wakipeleka, na Waholanzi walikuwa vitani na wao, basi mwaka 1602 wakaikamata meli ya Kireno São Tiago, mwaka uliofuata wakaikamata Santa Catarina kule upande wa Singapore, zote zimejaa kauri ya China, wakazipeleka kwao wakazinadi mnadani na watu wakapagawa nazo. Mwaka huo huo wa 1602 ikaundwa ile kampuni yao kubwa ya biashara ya Mashariki, VOC, ilikuwa na ofisi katika miji sita tu na Delft ni mmojawapo. Hapo usisahau kwamba kampuni hiyo haikubeba sahani na pilipili manga peke yake, ilibeba na watu, watumwa waliopelekwa Batavia (Jakarta ya leo) na Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Mimi nilisimama mbele ya majumba yao mazuri kando ya mfereji nikawasomea Fatiha wale waliobebwa, na wewe nakuomba ufanye hivyo.

Sasa ikafika 1644, utawala wa Ming ukaanguka China, vita, viwanda vya kauri vikavurugika, mzigo ukawa hauji. Na pale Delft kulikuwa na viwanda vingi vya pombe vilivyokuwa vikifa kimoja kimoja, majengo matupu, wafinyanzi wakayaingia wakaanza kuiga. Udongo wa kauri yenyewe hawakuwa nao, kwa hivyo wakachukua udongo wao wa kawaida wakaupaka rangi nyeupe ya bati ili ufanane, wakachora juu yake mapagoda, ile minara ya mahekalu, na mandege ya China ambayo hata hawajawahi kuyaona. Ndio hiyo duniani kote yaitwa Delft ya buluu na watalii wanainunua wakidhani ni asili ya Uholanzi. Mwanangu wewe utaingia dukani utaijua kama unavyomjua jirani yako.

Kati ya viwanda vya zamani kimebaki kimoja tu, De Porceleyne Fles, cha mwaka 1653, siku hizi chaitwa Royal Delft, na waruhusu watu kuingia kuangalia wachoraji wakifanya kazi. Nenda ukakae hapo saa mbili. Kitu kilichonishika mimi ni kwamba yule mchoraji alikuwa akichora na rangi NYEUSI, nikamuuliza mbona nyeusi, akanionyesha sahani iliyotoka kwenye tanuri, ni rangi ya kobalti, ikiingia motoni ndio hugeuka buluu. Yaani yeye achora bila kuiona rangi atakayoipata, aijua kwa mkono tu, na nikawakumbuka mafundi wetu wa milango wanaochonga ua bila kupima. Tena angalia vigae. Kule nyumba zao ni za matofali na ardhi yao ni maji matupu, unyevu hupanda ukutani vile vile kama chumvi ipandavyo kwenye kuta zetu za matumbawe, sisi tukapiga lipu ya chokaa na wao wakapanga vigae chini ya ukuta pale fagio na maji hugusa, kila kigae na kapicha kake, mtoto anacheza, mashua, mvuvi. Hivyo vigae nilivipenda kuliko sahani.

Ukitaka kununua geuza chombo uangalie chini. Kilichochorwa na mkono huwa na alama ya kiwanda, herufi za mchoraji na herufi za mwaka. Mimi nilinunua sahani duka moja karibu na uwanja wa soko, muuzaji akaniapia ni ya mkono, nilipofika nyumbani kuitia kwenye mwanga naona vidoti vidogo vidogo kama picha ya gazeti, imepigwa chapa. Niliumia kwa sababu ilikuwa zawadi ya mamangu. Rangi ya brashi huwa nzito mwanzo wa mstari na nyepesi mwisho, hiyo ndio dalili.

Uwanja wa soko wenyewe, Markt, ndio moyo wa mji. Upande huu Nieuwe Kerk, yaani kanisa jipya ingawa lilianza kujengwa 1381, upande wa pili jumba la baraza la mji. Mnara wa hilo kanisa ni mita 109 hivi na ngazi ni 376, nyembamba za kuzunguka, na ukifika juu waona Rotterdam upande mmoja na Den Haag upande mwingine na katikati mashamba tambarare kama sinia. Panda asubuhi. Na ndani ndimo walimozikwa watu wa ukoo wa kifalme wa Uholanzi kuanzia Willem wa Oranje, aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania. Yeye alipigwa risasi nyumbani mwake hapo hapo Delft tarehe 10 Julai 1584, jumba laitwa Prinsenhof na matundu ya risasi yako ukutani karibu na ngazi mpaka leo. Ulizia kwanza kama liko wazi, wamekuwa na ukarabati mkubwa.

Katikati ya uwanja kuna sanamu ya mtu, watalii huegemea wakila aiskrimu. Huyo ni Hugo de Groot, Grotius, mzaliwa wa Delft 1583. Simama hapo mwanangu. Ile meli Santa Catarina ilipokamatwa kukawa na mzozo kama ni halali kuichukua, kampuni ikampa yeye kazi ya kuitetea, na katika maandishi hayo ndimo kilimotoka kitabu chake cha 1609, Mare Liberum, kwamba bahari haina mwenyewe na kila taifa lina haki kupita na kufanya biashara. Wanasheria wa bahari humtaja mpaka kesho. Sasa wewe ni mtu wa Lamu, wajua kwamba manahodha wa pwani hii, Waarabu, Wahindi, Wabajuni walikuwa wakipishana humo kwa misimu ya kusi na kaskazi miaka na miaka kabla Mreno hajaja na vyeti vyake vya kulazimisha watu walipie njia ya maji. Hilo jambo babu zetu walikuwa wakiliishi. Mimi nilikaa kwenye jiwe la ile sanamu nikalifikiri sana, na nadhani wewe mwenye kazi ya kueleza wageni utalifaidi kuliko mimi.

Oude Kerk, kanisa la zamani, liko hatua chache na tikiti moja huingia makanisa yote mawili (Jumapili hayapokei watalii, kuna ibada). Mnara wake umeinama karibu mita mbili, kwa sababu ulijengwa juu ya mfereji uliofukiwa na ardhi ikadidimia, utaogopa kupita chini yake. Ndani amezikwa mchoraji Vermeer, alizaliwa mji huo 1632 akafa humo 1675, lakini picha yake asili hata moja haiko Delft, ukitaka kuziona panda tramu namba 1 hadi Den Haag uingie jumba la makumbusho la Mauritshuis, ipo ile ya mji wa Delft wenyewe ukionekana ng'ambo ya maji. Iangalie mwisho baada ya kuutembea mji. Mimi machozi yalinilenga.

Chakula usihofu. Waturuki, Wamorocco na watu wa Suriname wako kila mji, nyama ya halali yapatikana, na roti ya Wasuriname utadhani uko Mombasa. Mwezi wa sita ndio msimu wa samaki wao mpya waitwa haring, hula mbichi na vitunguu, wewe jaribu kipande kwanza. Sala ndio ujipange, mwezi huo Maghrib ni saa nne usiku na Alfajiri ni mapema mno, kwa hivyo usingizi utauchukua mchana. Na zile baiskeli, njia yao ni ile ya wekundu wekundu, usisimame humo kupiga picha. Sisi twapigiwa "simile!" na mwenye punda, wao hupiga kengele mara moja tu na hawapunguzi mwendo.

SWALI: Shangazi mimi niko Malindi, nampeleka mamangu kwa kakangu Ujerumani na tutakuwa na siku moja Uholanzi kabla ya kuunganisha. Mama ni mtu mzima na magoti yamsumbua. Delft ataiweza au ni ngazi tupu?

JIBU: Ataiweza, tena mji wenyewe ni tambarare kabisa hauna hata kilima. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol kuna treni ya moja kwa moja, kama dakika 40. Stesheni ya Delft iko chini ya ardhi lakini kuna lifti, na mkitoka juu mwambie mama ainue macho, dari lote ni ramani ya zamani ya mji wa Delft kwa rangi ya buluu. Kutoka hapo hadi Markt ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa miguu, kwa mama hesabu ishirini na mpumzike njiani. Mawe ya njia hayako sawa, avae viatu vya bapa. Mnara muachieni, ingieni makanisani tu, ni chini na kuna viti. Wakati wa joto kuna mashua za kutembeza watu kwenye mifereji, hiyo ndio itamfaa zaidi, akae aangalie madaraja na nyumba zikipita. Na kingo za mifereji mingi hazina kizuizi chochote, mshike mkono. Ikiwa siku yenu ni Alhamisi mtakuta soko kubwa pale uwanjani, jibini, maua, samaki, mama wa Malindi ataanza kuulizia bei na hamtatoka hapo.

SWALI: Shangazi, je mtu akienda Desemba? Mimi wa Shela, nimepata kozi fupi pale chuo kikuu cha ufundi.

JIBU: Hongera sana binti yangu. Desemba jua lazama saa kumi na nusu jioni, kwa hivyo ya kuona nje yaone kabla ya Alasiri na ya ndani, makanisa na kile kiwanda cha kauri, yawekee mchana wa mvua. Baridi yake ni ya maji maji yenye upepo, yaingia mifupani, koti lisilopitisha maji ni muhimu kuliko sweta tatu. Viatu nunua kule kule wiki ya kwanza.