Mnyororo mzima, baiskeli haipo: ninunue kufuli gani?

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Tanga. Mwezi uliopita niliegesha baiskeli yangu ya mtumba, zile za Kijapani, nje ya soko la Mgandini. Niliifunga kwenye nguzo kwa mnyororo na kufuli la kawaida. Sikukaa ndani hata nusu saa. Nilipotoka nikakuta mnyororo umelala chini, mzima kabisa, kufuli na baiskeli havipo. Nimejikusanya nikapata nyingine kwa shilingi 250,000 na sitaki kulia mara mbili. Dukani nimeonyeshwa waya wa namba, kufuli la U, na mnyororo mnene kuliko ule wa kwanza. Nichukue upi? Halafu makufuli yangu huganda kwa kutu. Nayapaka grisi lakini wapi.

Jibu

Marahaba mwalimu, na pole sana. Nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe: mnyororo uliukuta mzima. Aliyekuibia hakuhangaika nao, alikwenda moja kwa moja kwenye kufuli. Haya makufuli madogo yenye upinde wa milimita 5 au 6 huachia kwa kipande cha nondo tu. Mtu anakipenyeza ndani ya upinde, anakizungusha kwa nguvu, na kile kijino kinachoushika upinde kwa ndani kinakatika. Kelele hakuna, na anayepita anadhani ni mwenye baiskeli kapoteza ufunguo. Ukinunua mnyororo mnene zaidi kisha ukaurudishia kufuli la aina ileile, umejiongezea mzigo wa kubeba, basi.

Waya wa namba uache dukani. Juu umevikwa plastiki, unaonekana mnene kama kidole gumba. Wiki hii nimeupasua mmoja hapa gereji kumwonyesha mteja: plastiki ni nusu nzima, na ndani ni nyuzi laini zilizosokotwa ambazo plaizi inazitafuna kidogokidogo mpaka ziishe. Namba zenyewe, zikiwa tatu, ni michanganyiko 1,000 tu. Kijana mwenye subira anaimaliza yote kwa muda usiozidi saa moja, na kwenye waya za bei poa hahitaji hata subira: anauvuta waya huku anazungusha gurudumu la namba, anasikiliza kidoleni pale linapolegea. Waya una kazi moja tu ninayoikubali, nayo ni kushikilia gurudumu la mbele wakati fremu imefungwa na kitu kingine cha maana.

Kufuli la U ndilo ningekupa wewe. Ni pande moja la chuma, kwa hiyo hakuna kikufuli cha pembeni cha kuvunjwa. Tafuta lenye unene wa milimita 13 au zaidi. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, ule wa mafundi nondo, unahangaika kwenye unene huo kama chuma kimetiwa ugumu kweli, na likifika milimita 16 mkasi wa mkono unasalimu amri. Chukua fupi na lenye nafasi finyu ndani, si lile refu la pikipiki. Nafasi inayobaki wazi ndani ya U ndiyo mlango wa jeki na mtaimbo, kwa hiyo likishabana fremu, ringi na nguzo pasibaki pa kupenyeza kitu.

Angalia pia ufunguo wake. Ukiwa wa duara, kama kibomba kidogo, lirudishe kwenye rafu. Mwaka 2004 huko Marekani watu walionyesha kwamba makufuli ya U ya kampuni ya Kryptonite yenye ufunguo wa namna hiyo yanafunguka kwa bomba la plastiki la kalamu ya Bic, unalisukuma na kulizungusha. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli. Aina hiyo ya ufunguo bado imo kwenye makufuli ya bei rahisi. Ufunguo bapa wenye mikato ni afadhali.

Kama roho yako iko kwenye mnyororo, sawa, kwa kuwa unazunguka hata mti au nguzo nene ambayo U haiifikii. Ila pingili ziwe za milimita 10 kwenda juu, na kufuli lake liwe na upinde mnene usiopungua pingili, tena mfupi, uliozama mwilini pasionekane pa kuingiza nondo. Mnyororo wa kiasi hicho wenye urefu wa mita moja unavuka kilo mbili kirahisi. Upime mkononi kabla hujalipa, maana mnyororo unaouacha nyumbani kwa uzito hauna tofauti na kutokuwa nao.

Sasa, utajuaje chuma kimetiwa ugumu? Neno HARDENED lililogongwa kwenye upinde halithibitishi kitu, mtu yeyote mwenye mashine ya kugonga anaweza kuliandika. Mimi hutembea na tupa ndogo mfukoni. Omba kuigusisha pembeni mwa upinde, mara moja tu. Kwenye chuma laini tupa inauma na kuacha mchubuko unaong'aa, na kwenye chuma kigumu inateleza kama inapita juu ya kioo. Muuzaji akikataa, mwambie utalinunua likiteleza. Wengi hukataa hata hivyo, na hilo nalo linakueleza kitu. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Ulaya, mwagize lenye alama ya Sold Secure ya Uingereza, kuanzia daraja la Silver au Gold, au nyota za ART za Uholanzi. Hayo yamejaribiwa kwa zana na watu ambao si wauzaji.

Nisikufiche kitu: grainda ya betri inakata karibu yote niliyoyataja, na haraka. Kila wiki nakata kwa grainda yale makufuli ya pete yanayokuja na baiskeli za Kijapani bila ufunguo, na mteja hajamaliza kutoa pesa mfukoni kazi imekwisha. Lakini grainda inapiga yowe na kurusha cheche, na mwizi wa mchana sokoni haitaki. Kwa hiyo egesha mbele ya mama ntilie au muuza matunda aliyekaa hapo kutwa, si nyuma ya ukuta. Usiku baiskeli ilale ndani.

Hilo kufuli la pete la gurudumu la nyuma, kama ufunguo wake upo, litumie, ila lisiwe peke yake. Linazuia mtu kuipanda na kuondoka. Halizuii watu wawili kuinyanyua na kuitia kwenye bajaji.

Kufunga kwenyewe ndiko watu wanakokosea zaidi. Wengi hufunga gurudumu la mbele tu. Mwizi analegeza nati mbili, anaondoka na baiskeli, wewe unarudi unakuta gurudumu limefungwa vizuri sana. Pitisha U kwenye ringi ya nyuma, ndani ya ile pembetatu ya fremu inayoshika gurudumu, kisha kwenye nguzo. Fundi wa Marekani Sheldon Brown, aliyefariki 2008, aliipigia debe sana njia hii: hata kama U haikugusa bomba la fremu, ringi haiwezi kuchomoka katikati ya ile pembetatu, kwa hiyo kwa mpigo mmoja umefunga gurudumu na fremu. Kufuli lisiguse ardhi. Likigusa, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi chini na kuukalia mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Na nguzo itikise kwanza. Nyingine ni bomba lililochomekwa mchangani, unalinyanyua na kufuli linatokea chini.

Kwa baiskeli ya 250,000, kutoa 25,000 hadi 35,000 kwenye kufuli si anasa. Kabla ya hapo, ipindue baiskeli leo: chini ya fremu, pale inapopita ekseli ya pedeli, au kwenye bomba la kiti, kuna namba imegongwa. Ipige picha pamoja na risiti. Ukienda polisi kuchukua RB na kusema tu "ni ya kijani, ina keria", hapa Tanga umewaelezea nusu ya mji.

Kuhusu kutu, grisi ndiyo inayokuponza. Inanasa vumbi na chumvi ya bahari, ndani panakuwa tope. Safisha kwa mafuta ya taa, pulizia, acha likauke siku nzima. Kisha sugua ncha ya penseli kwenye mikato ya ufunguo mpaka iwe nyeusi, uingize na kutoa mara kadhaa. Ule unga mweusi unalainisha bila kushika uchafu. Rudia kila mwezi, na unapofunga elekeza tundu la ufunguo chini ili mvua isiingie.