Mrengo wa kushoto Ulaya tangu 2008
Unauliza kwa nini mrengo wa kushoto Ulaya haukufaidika na mgogoro wa kifedha wa 2008. Ulifaidika, tena sana, ila madaraka ulipoyapata yaliuponyoka. Tazama Ugiriki: Syriza, chama cha mrengo wa kushoto, ilishinda uchaguzi Januari 2015 kwa ahadi ya kukomesha sera za kubana matumizi. Julai 5 ikapigwa kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 61 wakayakataa masharti ya wakopeshaji. Siku chache baadaye waziri mkuu wa Syriza, Alexis Tsipras, akayakubali masharti magumu, kwani benki zilikuwa zimefungwa na Benki Kuu ya Ulaya ndiyo iliyoshika mfereji wa euro. Inauma hadi leo. Serikali isiyo na sarafu yake iliingia mazungumzoni mikono imefungwa, na chama hakikuwa kimewaandaa watu kwa njia nyingine. Podemos, chama cha kushoto cha Hispania, iliingia serikalini 2020, lakini kama mshirika mdogo tu.

Kwangu mimi, Ufaransa ya 2024 inafundisha zaidi. Rais Macron alipovunja bunge ghafla, vyama vya kushoto vilivyokuwa vikizozana viliungana ndani ya siku chache, vikapata viti vingi kuliko kambi nyingine yoyote, ingawa si nusu ya bunge. Hata hivyo waziri mkuu aliyeteuliwa, Michel Barnier, alitoka mrengo wa kulia.