Fundi kuuza LibreOffice si wizi

Je, fundi akikutoza hela kwa LibreOffice, programu huria ya kuandika nyaraka na mahesabu inayopatikana bure mtandaoni, amekuibia? Hapana, si wizi. Leseni ya LibreOffice, MPL 2.0 (Mozilla Public License), inamruhusu yeyote kunakili, kusambaza na hata kuuza, kwa hiyo fundi aliyekutoza hela kukuwekea LibreOffice kwenye laptop hajavunja sheria. Umemlipa bando na muda wake. Richard Stallman mwenyewe, baba wa programu huria, mwaka 1985 alikuwa akiuza Emacs, programu yake ya kuandikia maandishi, kwenye tepu, dola 150 kila moja. Asichoweza fundi ni kukuzuia usiwagawie wenzako, maana haki aliyonayo yeye unayo na wewe. Ila akikwambia ni "leseni ya mwaka mmoja, utalipia tena", hapo kakupiga. Ndani ya LibreOffice fungua menyu ya Help, bonyeza License Information, usome mwenyewe.