Tarehe Iliyoivunja Hadithi Yangu

Rasimu ya kwanza ya hadithi yangu ya Vita vya Maji Maji, vita vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani, ilifika kurasa sitini, nami nikiwa na furaha tele. Ndani yake mganga Kinjekitile Ngwale aliongoza vita tangu 1905 hadi 1907, na kifo chake nilikiweka ukurasa wa mwisho. Kisha nikasoma vizuri. Wajerumani walimnyonga kule Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, ndiyo kwanza vita vina siku chache tangu watu wa Nandete, kule Umatumbi, wang'oe miche ya pamba mwishoni mwa Julai.

Nilitamani kuifumbia macho tarehe ile. Hadithi ni yangu, nikajiambia. Lakini kila nilipoandika, niliona namburuta maiti. Nikamwacha afe ukurasa wa kumi, na hapo ndipo hadithi ilipopata swali lake: mganga kafa, maji yake, dawa iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji, bado yanatembea, yanafika hadi Ungoni. Nani anayabeba? Anawaambia nini watu waliokwisha kuona wenzao wakianguka kwa risasi? Swali hilo nisingelibuni hata ningekaa mwaka mzima.

Kwa hiyo wewe unayeanza kuandika, litafute jambo la kweli linaloukataa mpango wako, ukae nalo. Yale yanayokubaliana nawe ni mapambo tu.

Tena historia uishike kwa mikono. Dawa ile husimuliwa kuwa ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Nilinunua vitu hivyo sokoni nikavichanganya kwenye bakuli jikoni kwangu. Mafuta yakakaa juu, mazito, yana rangi ya manjano, mtama ukazama. Nilipochovya kidole kikatoka kinang'aa, maji yakiteleza juu ya ngozi kama juu ya jani la mgomba. Siku hiyohiyo nikamwandika mama anayempaka mwanawe kwenye paji la uso, akayaona matone yakiteleza, akanyamaza. Masimulizi yanataja vilivyochanganywa. Hayasemi mama aliwaza nini. Hapo mwandishi ana ruhusa.

Ruhusa hiyo itumie kwa uwazi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, alimwita mhusika wake Kinjeketile, na kwenye utangulizi akaeleza kuwa huyo ni kiumbe wa kubuni, hafanani kwa yote na yule wa historia. Naiheshimu sana hatua ile.

Mimi kuna mahali sigusi kabisa. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala, njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika watu 300,000. Hao siwapunguzi wala siwaongezi ili sura ipendeze. Katika kurasa zangu za mwisho, mama yule yuko porini na mjukuu wake, wanachimba mizizi. Mtoto anauliza baba atarudi lini. Mama anaendelea kuchimba.