Jibu: Mpaka unawezaje kumnyima mtu kura?

Ndugu, umeuliza vipi mpaka wa eneo la uchaguzi unaweza kumnyima Mmarekani mweusi haki yake, ilhali jina lake limo katika daftari la wapiga kura. Mfano ulio wazi ni mji wa Tuskegee, Alabama. Hadi mwaka 1957 mji huo ulikuwa na umbo la mraba. Watunga sheria wa jimbo wakauchora upya ukawa na pande 28, na wapiga kura weusi wapatao 400 wakajikuta nje ya mji wao, wakabaki ndani 4 au 5 tu, huku mpiga kura mzungu hata mmoja asiguswe. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo cha hapo, alikwenda mahakamani, na mwaka 1960 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakakubaliana naye.

Siku hizi hila ni ya chini kwa chini: weusi wengi hulundikwa katika eneo moja, na waliosalia hutawanywa katika maeneo mengine ambako kura zao humezwa. Naiona mbaya zaidi, kwa sababu mtu hupiga kura kwa amani na kurudi nyumbani bila kujua kwamba matokeo yaliamuliwa zamani, mezani kwa mchora ramani. Alabama yenyewe ina viti 7 katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na weusi ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini kwa miaka mingi walikuwa wengi katika eneo moja tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliikataa ramani hiyo, na mwaka 2024 eneo lililochorwa upya likamchagua Shomari Figures, jina ambalo mtu wa pwani atalitambua mara moja.