Chumvi mmeiweka wapi?

Juma hili nimekagua kazi za vijana wawili hapa kwetu Lamu, za kugeuza nenosiri liwe ufunguo wa kufunga faili. Mmoja kapitisha nenosiri kwenye SHA-256, kinu cha kusaga data kisichorudi nyuma, mara moja tu, akasema huo ndio ufunguo. Wa pili kaandika chumvi, yaani data ya kuchanganywa na nenosiri ili wawili wenye nenosiri moja wasipate ufunguo mmoja, "lamu123" ndani ya msimbo, watumiaji wote wanaila pamoja kama sinia la biriani. Wanangu, nawapenda, lakini mnanitafuta.

1. SHA-256 imeundwa iwe na mbio, na mwizi mwenye kadi ya michoro hujaribu mabilioni ya manenosiri kwa sekunde. Tumieni Argon2id, njia ya polepole kwa makusudi, ya ukoo wa Argon2 ulioshinda mashindano ya njia za kulinda manenosiri mwaka 2015 na kuandikwa kwenye RFC 9106, waraka wa kanuni za intaneti, mwaka 2021. Mkibanwa na maktaba za zamani, tumieni PBKDF2, njia ya zamani inayosaga nenosiri mara nyingi, yenye HMAC-SHA256 (SHA-256 iliyofungwa na ufunguo), mizunguko 600,000. Ile 1,000 mnayonakili ni ya mwaka 2000. Baadhi yenu hamjazaliwa.

2. Chumvi iwe baiti 16 za nasibu, mpya kwa kila faili. Hili nililijua vizuri sana, na ndilo lililonizamisha.

Niliandika programu ya daftari la wageni kwa Bi mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni. Chumvi niliizalisha juu kabisa ya msimbo, programu inapowaka. Nikajaribu: funga, fungua, sawa. Funga, fungua, sawa. Nikalipwa, nikanywa kahawa barazani kama bwana harusi.

Kompyuta ile haikuzimwa wiki tatu. Kisha umeme ukakatika usiku, Maulidi yako mlangoni na vyumba vyote vishashikwa. Asubuhi Bi kaandika nenosiri lake: ufunguo si sahihi. Karudia. Kamwita bintiye, kamgombeza kwamba kalibadilisha, mtoto analia. Nilifika nikitembea kifua mbele, nikafungua msimbo, nikausoma ule mstari wa chumvi mara mbili. Miguu ikaisha nguvu. Chumvi ilikuwa kwenye memori tu, sikuiandika popote. Umeme ulipokwenda, ikaenda nayo. Programu ilipowaka ikajitia chumvi nyingine, na ufunguo mwingine kabisa. Nakala za kila jioni kwenye flashi? Zipo zote, zimefungwa kwa ufunguo ule uliopotea. Kukisia baiti 16, dunia itaisha kwanza.

La kwanza nililofanya ni kumwomba radhi binti. Kisha tukakaa siku mbili, mimi na yeye, tukilijenga daftari upya kutoka jumbe za M-Pesa na WhatsApp. Bi hakunifukuza. Mpaka leo akinipakulia wali wa samaki huniuliza, "Mwanangu, chumvi umehifadhi?"

3. Kwa hiyo chumvi, jina la njia na vipimo vyake vyote viandikwe kichwani mwa faili, si siri. Na jaribio la kufungua lifanyike baada ya kuzima programu na kuiwasha. Kuzima kabisa, jamani.

4. Megabaiti 64 za memori za Argon2id zisizoisumbua laptopu yako, zipime pia kwenye simu ya bei rahisi.

5. Data ifungwe kwa ufunguo wa nasibu, na ufunguo wa nenosiri uufunge huo tu, ili mtu akibadili nenosiri msisimbe kila kitu upya.

Mwenye "lamu123" aje kesho kabla ya adhuhuri, na laptopu yake. Kahawa nitanunua mimi.